Kutoka Lushoto Hadi Irente na Kurudi kwa Njia Nyingine: Mwongozo wa Matembezi ya Siku Moja

Mtu anayefika Lushoto kwa mara ya kwanza huambiwa na kila anayemuuliza kwamba asiondoke bila kufika Irente. Mara nyingi hupakiwa kwenye bodaboda, hufikishwa ukingoni mwa mwamba, hupiga picha mbili tatu, kisha hurudishwa mjini kabla saa nzima haijaisha. Amefika, lakini hajaona mlima unavyoishi. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya yule aliye tayari kuitoa siku nzima, aondoke mjini asubuhi kwa vijia vya mashambani, apande taratibu hadi ukingoni mwa Milima ya Usambara Magharibi, ale chakula cha mchana kivulini, kisha ateremke kwa barabara ya gari na kufika mjini kabla ya giza. Mzunguko wote ni wa kilomita 12 hadi 15 hivi, kwa kutegemea vijia utakavyopitishwa, na mtu mwenye afya ya kawaida huumaliza kwa muda wa saa tisa hivi pamoja na mapumziko.

Mpangilio huo, yaani vijia wakati wa kwenda na barabara wakati wa kurudi, nausisitiza tangu mwanzo kwa sababu wengi huugeuza. Vijia vya bondeni vina miteremko mikali, madaraja ya magogo na udongo mwekundu unaoteleza, hivyo vinahitaji miguu ambayo haijachoka na macho yenye mwanga wa kutosha. Barabara haikupotezi hata mvua ikikukuta, na goti likianza kuuma unaweza kupanda bodaboda wakati wowote.

Majira yanayofaa

Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hali yake ya hewa ni tofauti kabisa na ya Mombo, ambako barabara ya kilomita 33 huanza kupanda milima kupitia Soni. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huyafanya matembezi haya kuwa kazi ngumu, kwa kuwa vijia hugeuka mifereji na ukungu waweza kukaa mwambani kutwa nzima. Juni hadi Agosti ni majira ya baridi kali kwa mtu aliyezoea Tanga au Dar es Salaam. Njia huwa kavu kiasi, lakini usije bila sweta zito. Mimi hupendelea Septemba na mwanzo wa Oktoba, kabla vuli haijashika, au Januari na Februari, wakati mvua za vuli zimepungua, mabonde bado ni ya kijani, na barabarani huuzwa plamu na pea kwa ndoo.

Maandalizi ya siku iliyotangulia

Kazi ya kwanza ni kumpata mwongozaji. Mjini Lushoto kuna vikundi vya waongoza wageni vyenye ofisi karibu na stendi, na vilivyo makini vitakuonyesha kitambulisho, vitakutajia bei kabla ya safari na vitakupa risiti. Kubalianeni waziwazi mambo matatu: kwamba unataka kwenda kwa vijia vya bondeni na kurudi kwa barabara, kwamba mwendo utakuwa wa taratibu na mtasimama mara nyingi, na kwamba bei mliyopatana inajumuisha, au haijumuishi, kiingilio cha mwambani na chakula chake. Watanzania wengi huona kwamba mwongozaji ni wa wazungu. Nawaomba waliangalie upya jambo hili, kwa sababu vijia vya Usambara havina mabango, hugawanyika kila baada ya nyumba kadhaa, na vingi hupita uani mwa watu, mahali ambapo mgeni aliyefuatana na kijana wa hapo hupokelewa tofauti na anayejitokeza peke yake kutoka kwenye migomba.

Kazi ya pili ni chakula. Shamba la Irente, lililo chini ya Kanisa la Kilutheri, hutengeneza jibini, mkate wa ngano nyeusi, jamu na sharubati za matunda ya mlimani, na huwaandalia wageni mlo wa mchana wa kulia bustanini. Agiza siku moja kabla, kwa simu au kupitia mwongozaji wako, maana anayefika bila taarifa aweza kukuta kilichobaki ni kidogo.

Kisha panga mkoba. Maji lita moja na nusu hadi mbili kwa kila mtu yanatosha, kwa kuwa hewa ni baridi na vijijini kuna maduka. Viatu viwe vile ulivyokwisha kuvizoea, vyenye soli yenye meno. Viatu vipya vitakutoa malengelenge kabla ya nusu ya njia. Beba koti jepesi la mvua, sweta, kofia, noti ndogondogo za kulipia kiingilio na matunda, pamoja na mfuko wa kurudishia takataka zako. Fimbo utaipata hapohapo, kwani mwongozaji atakukatia au atakuazimia moja, na usiikatae kwa kujiona bado kijana. Wanawake wengi hubeba kanga, nayo hufaa kujistiri kijijini, kukalia majanini na kujifunika upepo wa mwambani.

Kuondoka mjini

Ondokeni saa moja na nusu asubuhi, baada ya chai nzito ya chapati au mihogo. Wakati huo bonde la mji huwa bado na kivuli, na ukungu hujilaza juu ya paa za bati. Wajerumani walipaita mahali hapa Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao, na ukiugeukia mji kutoka kwenye mwinuko wa kwanza utaona kwa nini neno bonde liliwajia: nyumba zote zimejipanga chini, kando ya maji, na milima imezizunguka pande zote kama kuta za ua.

Barabara ya kwenda Irente huelekea kusini magharibi kuanzia karibu na Kanisa Katoliki. Hiyo ndiyo mtakayorudia jioni. Kwa sasa mwongozaji atakutoa kando yake mapema na kukuingiza mashambani, na nusu saa ya kwanza itakuwa ya kupanda. Hapa ndipo wageni wengi hukosea, kwani hupanda kwa kasi waliyozoea barabarani, huhema, hunyamaza, na wakifika juu huwa hawana hamu ya kuangalia chochote. Pandeni kwa mwendo ambao mnaweza kuzungumza bila kukatisha sentensi. Ukimwona mama wa Kisambaa amebeba mzigo wa kuni au ndoo ya viazi kichwani, mwangalie hatua zake: ni fupi, zinafanana, wala hasimamisimami. Huo ndio mwendo wa mlima huu, nao umepimwa na watu wanaoupanda kila siku.

Kupita katika mashamba ya watu

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya nipende matembezi haya, na ningependa msomaji aipe muda kuliko zote. Eneo la Yoghoi, lililo kati ya mji na Irente, halina pori la kusema. Kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, kuanzia bondeni, ambako hulimwa kabichi, karoti, nyanya na maharage kwa maji ya mifereji, hadi mgongoni mwa kilima, ambako mahindi na migomba huchanganywa na kahawa na miti ya mikabela ya kivuli na mbao. Unatembea ndani ya shamba, na mara nyingine ndani ya ua wa nyumba, kwa hiyo adabu hapa ni sehemu ya njia yenyewe.

Msalimie kila mtu, hata aliye mbali shambani, na msalimie kabla hajakusalimia. Kiswahili kinatosha kabisa: shikamoo kwa wazee na za kazi kwa anayelima. Lakini ukisema "onga maundo" asubuhi, ambayo ndiyo salamu ya Kisambaa, utaona uso unavyobadilika. Wewe ukisalimiwa hivyo, jibu "niwedi", na ukipewa kitu au ukielekezwa njia, sema "hongea". Maneno hayo matatu yamenifungulia milango mingi kuliko fedha. Usimpige mtu picha kabla ya kumwomba, na watoto wakikufuata usiwagawie peremende wala sarafu. Waulize majina yao na darasa wanalosoma, watakusindikiza hadi mwisho wa kijiji kwa furaha hiyohiyo.

Jambo la pili la adabu liko chini ya miguu yako. Tazama jinsi mashamba ya mteremkoni yalivyokatwa kama ngazi, au yalivyopandwa mistari ya majani marefu, hasa gwatemala na mabingobingo, ikifuata usawa wa mlima. Mistari hiyo huzuia udongo usichukuliwe na mvua, na majani yenyewe hulishwa ng'ombe wa zizini. Udongo huu una historia chungu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha Wasambaa kulima matuta kwa amri na faini, kazi ikawa nzito na mavuno hayakulingana nayo, wananchi wakakataa, na mpango ukafa kabla ya uhuru. Kuanzia miaka ya 1980 jambo hilohilo lilihimizwa tena kwa njia nyingine, kwa majani yenye faida ya malisho na kwa miti, na safari hii wakulima wengi walilipokea. Kingo za ngazi hizo ni laini. Mtu mmoja akikata njia ya mkato kwa kushukia ukingoni, mvua ijayo hupata mahali pa kuanzia. Fuata kijia hata kinapozunguka.

Angalia pia kwenye ua wa miti na vichaka vya kando ya njia, kwani hapo hukaa vinyonga, wakiwemo wenye pembe mbili puani ambao kwao ni milima hii. Mwongozaji mzuri huwaona pale ambapo wewe unaona majani tu. Mwombe akuonyeshe kwa kidole bila kumbandua mnyama kwenye tawi lake, hata kama anataka kukufurahisha kwa kumweka mkononi mwako.

Mtavuka kijito kimoja au zaidi, kwa kutegemea kijia. Daraja la magogo lililolowa huvukwa na mtu mmoja kwa wakati, kwa hatua za upande upande, fimbo ikiwa mkono wa upande wa maji. Kama mvua ilinyesha usiku na maji yamepanda, mwacheni mwongozaji aamue, na akisema mzunguke, mzunguke.

Mwambani

Baada ya bonde la mwisho njia hupanda tena, mikaratusi huanza kuonekana, upepo hubadilika, na ghafla ardhi huisha. Mbele yako kuna ukuta wa mwamba, na chini yake, kwa kina cha takriban mita elfu moja, imetandazwa nyika. Fikeni hapa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mapema zaidi ya hapo ukungu huwa haujanyanyuka, na adhuhuri joto la nyika huleta utusitusi unaofuta mbali kote.

Siku moja nilifika nikakuta weupe mtupu, kama mtu aliyetundika shuka mbele ya macho yangu, nikakaa dakika kumi na kuanza kugeuka. Mama mmoja aliyekuwa akianika maharage karibu na njia aliniambia, "Mwanangu, umetembea asubuhi yote, huwezi kungoja kidogo?" Nikangoja. Haikufika nusu saa, ukungu ukapasuka katikati, na barabara ya lami ikaonekana chini kama uzi. Tangu siku hiyo huwa natenga saa nzima ya kukaa hapa, iwe kuna ukungu au hakuna.

Kuna kiingilio kidogo hulipwa. Lipa na uombe risiti. Kisha tafuta jiwe la kukalia lililo mbali na ukingo. Miamba huteleza kwa umande, na upepo unaopanda kutoka chini huja kwa vishindo, kwa hiyo watoto washikwe mkono muda wote na hakuna picha inayostahili mtu kusogea hatua ya mwisho. Mwenye kizunguzungu cha urefu ataona vizuri zaidi akiwa amekaa.

Ukishatulia, soma kilichoko chini. Mashamba yaliyopangwa kwa mistari iliyonyooka ni ya mkonge. Uzi wa lami ni barabara inayounganisha Tanga na Dar es Salaam kwa upande mmoja, na Moshi na Arusha kwa upande mwingine, na karibu nayo hupita reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905. Mahali panapoonekana kama kiganja cha nyumba ni Mazinde. Baada ya Kimweri ye Nyumbai, mtawala mkuu wa Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, aliyekuwa na makao Vuga huku mlimani, kufariki mwaka 1862, mwanawe Semboja alijiimarisha huko chini Mazinde badala ya mlimani, kwa kuwa misafara ya biashara kutoka Pangani kwenda bara ilipita hapo, na bunduki na vitambaa vilipatikana huko. Madaraka yakaanza kuteremka mlima. Ukikaa juu ya mwamba huu na kuona jinsi njia za nyikani zinavyopita waziwazi mbele yako, uamuzi wa Semboja unaeleweka bila maelezo marefu.

Wasambaa hutofautisha kwa majina Shambaai, yaani nchi ya mlimani yenye mvua na migomba, na nyika, nchi ya joto iliyo chini. Vijiji vingi vya zamani vilikaa ukingoni kama hapa ili watu walime pande zote mbili, njaa ya upande mmoja ikaokolewa na mavuno ya mwingine. Muulize mwongozaji kama katika ukoo wake kuna aliyekuwa na shamba nyikani. Ukibahatika, utapata simulizi ambalo hakuna bango linaloweza kukupa.

Chakula na mapumziko

Kutoka mwambani rudini kwa barabara ya vumbi hadi Shamba la Irente, mwendo ambao hauzidi dakika arobaini kwa mtu asiye na haraka. Saa saba hivi mtakuwa mezani bustanini. Kula taratibu, vueni viatu, kaguaneni nyayo, na mwenye dalili ya lengelenge alifunge plasta sasa, wala asingoje lipasuke njiani. Kuleni pamoja na mwongozaji; ni vibaya kumwacha mtu aliyewatembeza tangu asubuhi akae pembeni na pakiti ya biskuti. Baada ya chakula mnaweza kunyoosha miguu katika eneo la hifadhi la shamba lenye miti mingi, na anayetaka kununua jibini au jamu anunue hapa, aifunge ndani ya sweta katikati ya mkoba isipate jua.

Wakati huu pia tazama mawingu. Vuli ikiwa imeanza, mvua hupenda kushuka alasiri, nayo huja haraka kutoka nyuma ya vilele. Ukiona milima ya upande wa Magamba, kaskazini mwa mji, imefunikwa na weusi, kata mapumziko.

Kurudi

Ondokeni kabla ya saa tisa. Barabara hushuka kwa wastani hadi mjini, na hatari yake kubwa ni bodaboda zinazokata kona bila honi, hivyo tembeeni kwa mstari mmoja upande unaowawezesha kuona vyombo vinavyokuja mbele yenu. Magoti huumia katika kushuka kuliko katika kupanda. Fupisha hatua, kunja goti kidogo, na uiache fimbo ibebe sehemu ya uzito. Wanafunzi watakuwa wanarudi nyumbani saa hizo, na barabara hujaa mazungumzo. Kama ni siku ya gulio, mtakutana pia na watu wanaopanda na vikapu vitupu, baada ya kuuza walichoteremka nacho alfajiri, njia ileile ambayo ninyi mmeifanya matembezi.

Mtakapoliona tena Kanisa Katoliki itakuwa saa kumi na nusu au saa kumi na moja, na jua litabaki la kutosha. Mlipeni mwongozaji kiasi mlichopatana, na kama amefanya kazi vizuri ongezeni kitu mkononi mwake mwenyewe. Viatu vyenye tope jekundu vioshwe jioni hiyohiyo, kwa kuwa tope hilo likikauka hung'ang'ania kitambaa na halitoki tena. Anayesafiri kesho yake kwenda Dar es Salaam apitie stendi kabla ya kwenda kuoga akakate tiketi, kwani mabasi ya moja kwa moja huondoka asubuhi na mapema.